Nyeusi Mbili, Nyeupe Moja

Bibi yangu alinyolewa uchawi kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza mimi. Naanza hapo ili nisije nikazunguka, maana kuzunguka najua. Nimelizunguka jambo hili tangu nina miaka kumi na minne, na kila nikilisogelea napata kazi nyingine ya kufanya. Nafua, napika, naenda kumjulia mtu hali ambaye wala haumwi. Leo nimekaa.

Asiyetoka kwetu nimweleze kwanza. Ifakara, na ng'ambo ya mto kule Ulanga, mtu akituhumiwa uchawi hupelekwa kwa mganga kunyolewa. Nywele zote za mwilini zinatolewa kwa wembe, ananyweshwa dawa, anakabidhi vifaa vyake vya uchawi, anaapa, anarudi nyumbani msafi. Akirudia kazi yake, ile dawa inamuua. Ndivyo isemwavyo. Ukikataa kwenda umejishitaki, na ukikubali watu wanasema si mnaona kaenda. Kwa hiyo ukishatajwa, umetajwa.

Tulikuwa tunakaa Viwanja Sitini, mimi, bibi mzaa mama, na mjomba wangu ambaye alikuwa fundi redio. Mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, anakuja mwisho wa mwezi na sukari kwenye kitambaa. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu alipofariki nilikuwa siwezi kulala bila kugusa mgongo wa bibi, na bibi alikuwa ananisema, "We mke mwenzangu, mume wetu keshakufa siku nyingi, sasa unanikumbatia mimi wa nini?" Lakini hakunisukuma hata siku moja.

Bibi alisuka mikeka. Nyumba nzima ilikuwa ukindu: uliochemshwa, uliopasuliwa, uliotiwa rangi, uliofungwa mafundo na kuning'inizwa darini. Ukindu ukikauka unalia. Unakaa zako mchana, nyumba kimya, mara unasikia tik juu ya kichwa chako, halafu tik kule pembeni, mpaka unaona bora uongee mwenyewe. Darini hapo hapo kulikuwa na mkeka mmoja ambao hauuzwi. Ulikuwa mkeka wa kumzikia yeye. Alikuwa anauongeza kidogo kidogo kila masika, na ulibaki pengo tu upande wa kichwani. "Nikiumaliza nitakufa," alikuwa anasema, "ndiyo maana siumalizi."

Sasa mjomba akaenda Dar kutafuta spea za redio, akarudi na treni akiwa amebeba kitu kwenye gunia la mpunga. Kulifungua, ni tivii ndogo ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, pamoja na mashine ya gemu na kaseti moja. Hiyo kaseti moja ndiyo iliyotumaliza. Maandishi yake mjomba alisema ni ya Kijapani, ila nadhani alikisia tu. Watoto wa mtaa mzima walijaa chumbani kwake, na umeme ukikatika wanakaa gizani kuusubiri urudi.

Gemu lenyewe lilikuwa hivi. Kamtu kadogo kanatembea porini. Porini kuna watu weupe wasio na miguu, wanakuja taratibu, wakikugusa umekufa. Ukifika mwisho wa pori unakuta kisima, na kwenye kisima kuna uso. Uso tu, hauna mwili. Kale kamtu kanauvaa. Basi wale weupe wanasimama, wanajipanga pande mbili, wanakapisha. Kanapita katikati yao hatua nne, nilizihesabu mara nyingi sana, na baada ya hatua ya nne ule uso unatokea mkubwa unajaa tivii nzima, na kila kitu kinaganda. Hakisogei tena. Kinabaki kinanguruma, mmmm, mpaka mjomba achomoe waya ukutani.

Ilikuwa hivyo kila siku. Mjomba aliipuliza kaseti, akaifuta kwa spiriti, akaifungua na kuifunga, bado ikaganda pale pale. Mbele ya pale hakuna mtu yeyote Ifakara aliyewahi kuona kuna nini.

Wenzangu walichoka wakarudi kwenye mpira. Mimi sikuchoka. Nilitaka ule uso. Nitasema ukweli, sikuutaka kwa mchezo. Nilikuwa mtoto niliyefiwa na baba, naogopa kuta za nyumba, na hapa kuna kitu ambacho ukikivaa hawakugusi. Nani asingekitaka?

Nilijaribu kwa boksi la sabuni. Nikalikata, nikalipaka masizi, likajikunja kwa unyevu na likanuka. Nikagundua kosa langu ni kubahatisha. Nikachukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikakaa mbele ya tivii pale inapoganda, nikahesabu. Ule uso ulikuwa umeundwa kwa visanduku, kumi na sita kwenda na kumi na sita kushuka, kila kimoja ama cheusi ama cheupe. Nilijaza kwa penseli mstari kwa mstari. Mstari wa kumi na moja tu ndio ulinishinda, kwa sababu tivii ya mjomba ilikuwa na ufa wa giza unaokatiza hapo hapo, pale mdomo unapotakiwa kuwa. Niliuacha wazi.

Bibi aliniona na lile daftari akaniuliza naandika nini shule zimeshafungwa. Nikampeleka chumbani kwa mjomba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuikaribia tivii, siku zote aliiogopea macho yake. Alisimama mlangoni, kanga kiunoni, akautazama ule uso ulioganda unanguruma. Akausogelea. Akaweka kidole karibu na kioo.

"Huyu amesukwa," akasema.

Mjomba akacheka. "Mama, hizo ni kompyuta."

"Wewe tengeneza redio zako. Nakwambia amesukwa. Nyeusi imesimama, nyeupe imelala, na kila zinapokutana mtu ameamua nani awe juu. Nimesuka tangu sijaota maziwa, unifundishe?" Akanigeukia. "Nani alimsuka?"

Nikamwambia sijui, watu wa mbali, ila ukiwa naye wale weupe hawakugusi.

"Msusi mzuri," akasema. "Ila hakuwa na raha."

Ndivyo tulivyoutengeneza ule uso. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo nilikuwa namsomea daftari, yeye anasuka. Ukindu mweusi aliusimamisha, mweupe akaulaza. Vile visanduku aliviita punje. Mimi nasema, "Nyeusi mbili, nyeupe moja, nyeusi kumi, nyeupe moja, nyeusi mbili," yeye anarudia, vidole vinakwenda. Akimaliza mstari anasema "haya," nasoma unaofuata. Tukikosea tunafumua tunaanza upya, na sauti tunazipandisha ili tusipotee. Ilituchukua alasiri tano hivi, tumekaa ukumbini karibu na ukuta wa jirani. Ulikuwa ukuta wa udongo, mwembamba. Sikuufikiria hata kidogo.

Tulipofika mstari wa kumi na moja nikamwambia huu sikuuona, una ufa. Bibi akafikiri. Akasuka nyeupe nne, nyeusi nane, nyeupe nne, bila kuniuliza.

"Nimemfunga mdomo," akasema. "Aliyetoka kule hasemi."

Kwenye macho tuliacha matundu. Pembeni nikatia kamba. Ulikuwa umetoka sawa kabisa na ule wa kwenye tivii, punje kwa punje, isipokuwa huo mdomo, na mjomba alipouona aliacha kucheka akaugeuza kuangalia nyuma. Hapo ndipo sote tulipoona kitu ambacho msusi yeyote anakijua na mimi sikuwa nakijua. Kila kilichosukwa kina upande wa pili. Palipo peusi mbele, nyuma ni peupe. Nyuma ya uso wetu kulikuwa na uso mwingine, mweupe, mdomo wake sasa ukawa kama uko wazi.

"Huu usimuoneshe mtu," bibi akasema. Akautundika dirishani, nyuma ikitazama ndani, ili rangi ikauke.

Jirani yetu wa ukuta ule alikuwa na mtoto wa kiume wa kama miaka minne. Alikuwa na kawaida ya kuja chini ya dirisha letu alasiri kudai ukoko wa wali, maana bibi alikuwa anamwekea. Siku moja bibi yuko sokoni, mimi niko peke yangu, nikauvaa ule uso. Niliuvaa kinyume. Nataka kuandika kwamba ilikuwa bahati mbaya lakini haikuwa. Nilitaka kujua ule wa nyuma ukoje kutokea ndani. Unanuka rangi na majani, pumzi yako inakurudia, na ukindu unalia karibu na sikio. Nikasogea dirishani na yule mtoto alikuwa amesimama pale chini, bakuli mkononi.

Hakulia na wala hakukimbia. Aliniangalia tu, mdomo umeachama, na mimi nikamwangalia kupitia yale matundu. Ningeweza kuuvua. Ningeweza kusema, ni mimi dada yako. Sikusema. Nilisimama pale muda mrefu na nikaona raha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu baba afe, anayeogopwa nilikuwa mimi. Mwishowe akaweka bakuli chini taratibu, akaondoka kinyumenyume. Nikautundika uso mahali pake, ila sasa nyuma ikatazama nje.

Jioni ile mtoto akashikwa na degedege. Mwili ukamkakamaa, macho yakageuka juu. Daktari atakwambia ni malaria imepanda kichwani, na ndivyo ilivyokuwa, wakati ule wa mvua nusu ya watoto wa mtaa walikuwa na homa. Lakini kwetu degedege haiishii kwenye homa. Wanasema kuna kitu kimempitia mtoto, na swali linalofuata ni nani amekituma. Walimkimbiza hospitali kwenye baiskeli, mama yake amempakata nyuma, akatundikiwa dripu ya kwinini. Siku ya pili hajaamka. Siku ya tatu hajaamka. Mama yake akarudi nyumbani kuchukua nguo, akapita chini ya dirisha letu, akaliona bakuli la mwanawe bado liko pale chini. Akainua macho.

Simlaumu. Nilimlaumu miaka mingi, sasa nina wangu, simlaumu tena.

Kesho yake mwenyekiti alituita barazani kwake. Watu walikuwa wengi kuliko wanaokuja kwenye mikutano ya maji. Uso ulikuwa mezani, wameutoa dirishani kwetu wakaufunika kanga. Yule mama alisimama akaeleza bila kupaza sauti, amechoka, macho yamemvimba. Alisema alasiri tano mfululizo alisikia kupitia ukutani bibi na mjukuu wakinuiza. Si sala ya kanisani, si ya msikitini. Wanasema nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, mmoja anaanza mwingine anaitikia, wanafika mahali wanasema haya, wanaanza tena. Nani anayenuiza hivyo kwa nia njema?

Ukiisikia hivyo ilivyosemwa, hata mimi mwili ulinisisimka.

Mjomba akasimama kututetea, Mungu ambariki, akazidi kuharibu. Alisema huo ni uso wa gemu, wa kwenye tivii, na kama hawaamini waje waone. Wakaja. Wazee sita na mwenyekiti walibanana chumbani kwake, mjomba akacheza jasho linamtoka, akapita pori, akafika kisimani, kamtu kakauvaa uso, weupe wakajipanga, hatua nne, ikaganda. Uso ukajaa tivii. Mmmm.

"Zima," mwenyekiti akasema.

Mjomba alikuwa anahangaika na waya. Mzee mmoja akauliza polepole, "Na huyu wa humu ndani, kamtengeneza nani?"

"Wajapani, mzee wangu."

"Hao Wajapani wamemjulia wapi bibi huyu?"

Tukarudi barazani tukiwa tumeshahukumiwa.

Wiki ile ile nilikuwa nimepata barua ya kuchaguliwa kwenda sekondari, shule ya bweni. Darasani kwetu wasichana tulichaguliwa wawili. Bibi aliishika ile barua akainusa, kwa sababu kuisoma hakuweza, akaiweka chini ya godoro. Nilikuwa na wiki mbili kabla ya kuondoka. Kila mtu pale barazani alijua, na kila mtu alijua pia kwamba msichana akishanyolewa uchawi hana shule, hana ndoa, hana hata wa kumpa moto wa kuwashia jiko.

Mwenyekiti akafunua kanga. "Hiki ni cha nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu yangu na akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, akakandamiza mpaka machozi yakanitoka.

"Changu," akasema.

"Umekitengeneza wewe?"

"Nani mwingine mtaa huu anajua kusuka? Huyu mtoto hata kusuka kawa hawezi."

"Kwa vifaa gani?"

"Kisu cha kupasulia, sindano, na ukindu."

"Basi utavikabidhi vyote," mwenyekiti akasema, na akaandika kwenye karatasi. Sikuelewa siku ile walikuwa wameandikiana nini. Nilidhani ni kisu na sindano.

Usiku bibi aliniambia maneno machache tu, mgongo wake ukiwa umenigeukia kama kawaida. "Kichwa changu kimezeeka, kikinyolewa hakipungui kitu. Chako kina kazi. Na usije ukasema, hata nikifa. Ukisema nitakuwa nimekukanyaga bure."

Walimpeleka asubuhi. Niliwasindikiza mpaka kwenye pantoni. Mto ulikuwa umejaa, ukungu umekaa juu ya maji, na viboko walikuwa wanakoroma mahali ambapo huwaoni. Bibi alisimama kwenye pantoni katikati ya watu kumi na kitu, furushi la ukindu kichwani, na watu wote wale walijipanga pande mbili wakamwachia nafasi. Hakuna aliyetaka kumgusa. Nilihesabu hatua zake mpaka kwenye kingo za chuma. Sitasema zilikuwa ngapi. Pantoni ikaondoka, ukungu ukawafunika, na kilichobaki ni mngurumo wa injini.

Yule mtoto aliamka siku hiyo hiyo. Aliomba uji.

Daktari atasema ni kwinini, siku ya tano, ndivyo inavyofanya kazi. Lakini hebu mwambie hivyo mama aliyekesha siku tano. Habari ilivuka mto kabla bibi hajarudi, na mtaa mzima ukashusha pumzi: si mnaona. Hata mjomba alinyamaza. Mimi nililia kwa furaha kwamba mtoto amepona, na ndani ya furaha hiyo kukawa na baridi, maana nilijua aliyesimama dirishani ni nani, na nilijua aliyenyolewa ni nani.

Bibi alirudi kafunga kitambaa. Alipokifungua nyumbani nilikuta kichwa kidogo sana, chenye alama mbili za wembe. Nilikuwa sijui kwamba bibi yangu ana kichwa kidogo vile. Akaniangalia na mimi, kwa kuwa mjomba alikuwa amenipeleka kunyoa asubuhi ile ile. Kanuni ya shule ilikuwa wasichana wote wafike vipara.

"Haya," akasema. "Wewe umenyolewa na serikali, mimi nimenyolewa na mganga. Tuone nani zitaota kwanza."

Tulicheka mpaka tukashikana. Alinieleza habari za kule bila kuficha: dawa chungu, jua, kusubiri zamu. Yule mganga, alisema, kisu na sindano alivitupa mtoni, lakini ule uso hakuutupa. Aliushika akaugeuza, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kisha akautundika ukutani kwake kati ya pembe zake. "Aliupenda," bibi akasema. "Anajua kazi nzuri." Miaka iliyofuata nilikuwa nasikia watu waliotoka huko wakisimulia kwamba yupo mganga mwenye uso mweusi aliounyang'anya kutoka kwa mchawi wa Ifakara, na kwamba anayetuhumiwa huambiwa autazame, na mwongo hawezi.

Kisha bibi akaacha kucheka. "Mke mwenzangu, nikuulize. Mtoto kaamka saa ngapi?"

"Wanasema mchana, bibi."

"Mimi nilinyolewa mchana." Akazipapasa zile alama za wembe. "Je, kama uchawi ninao na sijui?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mimi ndiye niliyeuvaa, nilisimama dirishani, ilikuwa mimi. Alinitazama muda mrefu kwa lile jicho lake la kuhesabu punje. Sijui kama aliniamini au alidhani namfariji. Alisema tu, "Mdomo," na hatukuliongea tena.

Kumbe alichoapa kule si kuacha uchawi tu. Alitaja ukindu kuwa kifaa chake, kwa hiyo aliapa kutougusa. Na kwa sababu yule mtoto alipona, aliamini kiapo. Mwanamke aliyesuka miaka hamsini hakusuka tena. Nilikuwa nikirudi likizo namkuta amekaa ukumbini, vidole vinatembea juu ya mapaja, moja juu moja chini, hakuna kitu mikononi. Alienda kupalilia mpunga wa watu huko Mchombe, uzee ule, kainama kwenye maji. Mimi nasoma. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sikuwahi kuisikia methali ile bila kuona wananitaja.

Alianza kuumwa nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Tumbo. Hospitali walimtazama, wakamtazama tena, wakatuambia tumpeleke nyumbani. Alilala ukumbini, karibu na ukuta ule, na siku moja mchana akaniambia nimteremshie mkeka wake kutoka darini. Ulikuwa na vumbi, panya walikuwa wameuonja pembeni. Pengo la kichwani lilikuwa pale pale.

"Umalize," akasema.

"Bibi, sijui kusuka ukili wa mkeka. Hukunifundisha."

"Unachojua ni nini?"

Alijua ninachojua. Nilinunua ukindu sokoni kama mtu anayeiba, nikapasua vibaya, nikautia rangi. Nikausimamisha mweusi na kuulaza mweupe, nikakaa karibu na godoro lake ambapo anaweza kuona mikono yangu bila kugusa kitu. Daftari lilikuwa limeliwa na mchwa miaka mingi. Nilikuwa nimeandaa moyo kubahatisha.

"Nyeusi mbili," bibi akasema, macho kayafumba. "Nyeupe moja. Nyeusi kumi. Nyeupe moja. Nyeusi mbili. Haya."

Vidole vyangu vikasimama. "Bibi, kiapo."

"Niliapa mikono. Mdomo hawakuniuliza."

"Lakini huyu? Kwenye mkeka wako?"

"Si ulisema ukiwa naye hawakugusi?"

Aliusema wote kwa kichwa, mstari baada ya mstari, siku tatu, akichoka analala akiamka anaendelea pale pale alipoishia. Sauti ilikuwa ndogo lakini najua ilipita ukutani, kwa sababu upande wa pili kazi zilisimama na kimya kikatanda. Mstari wa kumi na moja hakuusema. Alinisubiri niuseme mimi.

"Nyeupe nne," nikasema. "Nyeusi nane. Nyeupe nne."

"Haya," akasema bibi.

Alifariki siku nne baada ya mimi kuushona uso mahali pake. Jirani alikuja kuosha maiti pamoja na wanawake wengine, kama inavyopasa. Wenzake walipotoka kwenda kuteka maji ya mwisho tulibaki wawili chumbani na mkeka umetandikwa chini. Aliuona uso. Aliuangalia muda mrefu.

Nikasema. Nilikanyagwa kidole nisiseme, na nilisema. Nilimwambia hakuwa bibi, ni mimi. Uso niliutaka mimi, niliuvaa mimi, mwanao nilimtisha mimi na niliona raha. Bibi alinifichia. Hakuwa mchawi, alikuwa msusi.

Mwanawe alikuwa nje wakati ule, mvulana wa kama miaka minane, mwenye afya, anasaidia kupanga viti. Tulikuwa tunaisikia sauti yake. Yule mama hakuinua macho kutoka kwenye mkeka.

"Nyamaza," akasema. "Mwanangu alipona siku ile aliponyolewa. Usiniharibie."

Kisha akainama akashika mkeka upande wa miguu, akanisubiri nishike upande wa kichwani. Tukamfunika bibi kwa mkeka wake. Upande wa mbele wa uso ulitutazama sisi, mdomo umefungwa. Ule mwingine ulibaki ndani, kwake.